Nani Alilipia Nakala? Maandishi ya Kiswahili kutoka Pate hadi Meza ya Mtumba

Anayeanza kukusanya vitabu na magazeti ya zamani ya Kiswahili hukutana mapema na jambo la kushangaza. Utenzi uliotungwa Pate katika karne ya 18 anaweza kuupata, umechapishwa na kufafanuliwa ubeti kwa ubeti. Riwaya ya kipelelezi iliyouzwa katika kila stendi ya mabasi mwaka 1983 anaweza kuitafuta mwaka mzima asiione. Na mchezo wa televisheni uliokusanya mtaa mzima sebuleni kwa jirani katika miaka ya 1990, hata ukurasa mmoja wa mswada wake haupati.

Umri, basi, hauelezi kitu. Hata ubora hauelezi, maana yapo maandishi ya kawaida sana yaliyotunzwa kwa heshima na mengine mazuri yaliyoishia kufungia karanga. Kinachoeleza ni swali la kibiashara: nani alilipa ili nakala itengenezwe, na nani alilipa tena ili itunzwe? Ukilifuata swali hilo tangu zama za makatibu wa pwani hadi leo, historia nzima ya ukusanyaji wa maandishi yetu inajipanga yenyewe.

Kabla ya 1850: Mali ya nyumba

Katika miji ya Pate, Siu, Lamu na Mombasa, utenzi ulikuwa mali ya nyumba. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ukasomwa kwa sauti mbele ya watu, ukakaririwa na wasiojua kusoma. Aliyeutaka aliuazima akanakili mwenyewe, au akamlipa katibu amnakilie. Karatasi ililetwa na majahazi, haikuwa rahisi, na ilipofika ilikutana na unyevu wa pwani, mende na mchwa. Nakala iliyochakaa iliandikwa upya, ile ya zamani ikatupwa. Ndiyo maana nakala nyingi tulizo nazo ni changa kuliko tungo zenyewe.

Zilizopona mapema zilipona kwa sababu maalumu. Barua kutoka Kilwa, zilizoandikwa kuanzia 1711 na ambazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yanayojulikana, hazikutunzwa Kilwa. Zilitunzwa Goa, India, kwa kuwa Wareno waliokuwa na makao yao makuu huko walihifadhi barua za shughuli zao za utawala. Utenzi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Waislamu na Herekali wa Rumi, una nakala yenye tarehe inayolingana na 1728. Nayo iko Hamburg, Ujerumani.

Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, alitunga kwa desturi hiyohiyo ya nyumbani. Binti alihitaji nakala moja tu. Kwamba leo utenzi huo unasomwa katika madarasa ya fasihi kumetokana na hamu ya watu wengine kabisa, waliokuja baadaye na fedha mkononi.

1854–1945: Wageni wenye fedha, makatibu wenye kalamu

Ludwig Krapf, mmisionari aliyeishi Mombasa na Rabai, alipeleka nakala za tenzi Ujerumani mwaka 1854. Edward Steere alisikiliza wasimulizi wa Unguja na mwaka 1870 akachapisha London kitabu cha hadithi zao. Wamisionari walitaka lugha ya kuhubiria na kutafsiria Biblia, na ushairi uliwapa lugha iliyokomaa. Kusudi lao halikuwa kuiokoa fasihi ya pwani, ila ndilo lililoleta mnunuzi.

Habari ya Muyaka bin Haji inaonyesha jinsi mambo yalivyokwenda. Muyaka alikuwa mshairi wa Mombasa iliyotawaliwa na ukoo wa Wamazrui, mji uliokuwa ukivutana na Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja. Mashairi yake yalikuwa ya papo kwa papo: kejeli kwa adui, mafumbo ya siasa, mapenzi, njaa, deni. Yalisemwa sokoni na barazani, yakapokewa na vinywa. Alifariki karibu na 1840 bila kuacha diwani.

Miaka 40 hivi baadaye akaja Mombasa mmisionari W. E. Taylor, mtu aliyependa methali na mashairi kiasi cha kuchapisha kitabu kizima cha methali za Waswahili mwaka 1891. Taylor alishirikiana na mwanachuoni wa mji, Mwalimu Sikujua. Kazi kubwa ilikuwa ya Sikujua: yeye ndiye aliyekuwa na masikio ya wazee, ndiye aliyejua shairi gani lilijibu lipi, ndiye aliyeandika. Taylor aliongeza maelezo pembeni. Alipofariki mwaka 1927, karatasi hizo ziliishia katika chuo cha SOAS, London. Mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akayarudisha mashairi hayo Nairobi kwa uchambuzi mpana. Shairi lililosemwa Mombasa lilipita London na Afrika Kusini kabla ya kumfikia msomaji wa Kenya kitabuni.

Huko Lamu, kazi ya namna hiyo iligeuka kuwa ajira. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee wa miaka karibu 90, alikuwa fundi wa kuchonga, mwanamuziki, mtunzi na katibu mwenye hati nzuri. Alice Werner, aliyekuja kufundisha Kiswahili London, alipata kwake nakala. Hichens aliandikiana naye. Ernst Dammann alipoishi Lamu mwaka 1936 na 1937, Kijuma alikuwa mmoja wa watu wake wakuu. Ukitazama kazi yake unaona mtu anayemjua mteja: herufi kubwa zilizonyooka, beti zilizopangwa safu kwa safu, vichwa vilivyopambwa. Nakala ya nyumbani haikuhitaji urembo huo. Hii ilikuwa bidhaa ya kusafiri.

Matokeo yake ni ya aina mbili. Tungo nyingi za Lamu zisingekuwepo leo bila wateja hao. Lakini mteja hununua anachokitaka, na walichotaka zaidi kilikuwa kirefu, cha kale na cha dini. Kijuma mwenyewe alitunga nyimbo za ngoma na kuongoza mashindano yake, ila si hizo zilizochapishwa kwanza. Picha ya fasihi ya pwani kama jambo la tasbihi na mawaidha, kwa kiasi fulani, imetokana na daftari la maagizo.

1888–1947: Magazeti

Wakati makatibu wa Lamu wakinakili kwa mkono, mitambo ya kupiga chapa ilikuwa imekwisha kuanza kazi. Misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Kiungani, Unguja, ilianza kutoa Msimulizi mwaka 1888. Yalifuata Habari za Mwezi kutoka Magila, kisha Kiongozi kutoka Tanga chini ya Wajerumani, na Pwani na Bara mwaka 1910. Vita Kuu ya Kwanza ikayazima magazeti yaliyokuwa chini ya Wajerumani.

Mtihani wa kweli kwa mkusanyaji, na furaha yake, ni Mambo Leo. Idara ya Elimu ya Tanganyika ililianzisha Dar es Salaam mwaka 1923, likitoka kila mwezi. Serikali ilitaka kueneza habari za kilimo, afya na shule. Wasomaji walitaka zaidi ya hayo, wakaleta barua na mashairi. Kurasa zake zikawa uwanja wa malenga kujibizana, mmoja akitupa swali toleo hili na mwingine akilijibu toleo lijalo. Katika miaka ya 1930 jina la Shaaban Robert, karani wa serikali, lilianza kuonekana humo.

Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa, Kiswahili cha Unguja kikafanywa msingi wa lugha sanifu, na vitabu vya shule vikapitishwa kwa kipimo hicho. Hapo njia ikagawanyika. Herufi za Kilatini zikawa za shule na ofisi, za Kiarabu zikabaki za chuoni na nyumbani. Kijana aliyesoma shule ya serikali hakuweza tena kusoma sanduku la babu yake. Na kitu kisichosomeka ndani ya nyumba hakikai sana ndani ya nyumba.

Mambo Leo lenyewe lilipata bahati ya gazeti la serikali: ofisi ziliwekewa nakala na maktaba zikazifunga kwa majalada. Nakala za watu binafsi zilizunguka mkono kwa mkono hadi zikaisha. Ndiyo sababu mkusanyaji leo hukutana zaidi na toleo moja moja lililokosa gamba, lenye matobo mawili ya uzi upande wa mgongo. Mwenye macho hujua kwamba toleo hilo liliwahi kuwa ndani ya jalada la ofisi.

1948–1977: Miaka ya wingi

Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards, makao yake Nairobi. Baada ya vita idadi ya waliojua kusoma ilikuwa ikipanda, na wakubwa walitaka wasome vilivyochaguliwa. Hata hivyo fedha hizo zilifungua mlango mpana kuliko walivyokusudia. Chini ya nembo ya Eagle Press, mwaka 1954, kilitoka kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, ambacho hadi leo malenga hukitaja kama hakimu. Shindano la uandishi la Shirika lilimwibua Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka mwaka 1960. Mwaka 1971 Shirika likachapisha Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyopigwa marufuku shuleni na kwa hiyo ikasomwa chini ya madawati.

Kazi za Shaaban Robert zilisambaa kwa wachapishaji wengi: Kusadikika ilitoka kwa Nelson mwaka 1951, Adili na Nduguze kwa Macmillan mwaka uliofuata, nyingine Johannesburg, na Kufikirika ilitoka mwaka 1967 wakati mwandishi amekwisha kufariki miaka 5. Wasifu wa Siti binti Saad ulionekana kwanza mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili. Anayetaka toleo la kwanza la wasifu huo asitafute kitabu, atafute kijitabu chembamba kilichoambatana na jarida la wanalugha.

Uhuru ukaongeza kasi. Makerere ilikuwa na jarida la wanafunzi, Penpoint, tangu 1958. Rajat Neogy alianzisha Transition Kampala mwaka 1961. Jarida hilo la Kiingereza lilisomwa bara zima, mhariri wake akafungwa mwaka 1968, nalo likahamia Ghana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Darlite, Nairobi ikawa na Busara na Zuka. Mwalimu Nyerere naye alitafsiri Shakespeare. Hapa wakusanyaji hupenda kusimama kidogo, kwa sababu tafsiri yake ya kwanza ya mwaka 1963 ilikuwa na jina Julius Caezar, na ile aliyoirekebisha mwaka 1969 ikaitwa Juliasi Kaizari. Mwenye zote mbili anaweza kuziweka sambamba akaona rais wa nchi akifuta mistari yake mwenyewe.

Katika miaka hiyohiyo Chuo cha Dar es Salaam kilifanya kwa ukubwa kile ambacho Taylor na Sikujua walikifanya wawili tu. J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada na kurekodi sauti. Orodha ya makusanyo hayo ilichapishwa Leiden mwaka 1970, na miswada yenyewe ikabaki Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza mnunuzi mkubwa wa maandishi ya kale alikuwa taasisi ya hapahapa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Vitabu lilivunjika nayo. Kenya iliunda shirika lake. Vichwa vingi vya Kiswahili vilibaki bila mwenyewe kwa miaka, vingine vikaibuka kwa wachapishaji wapya, vingine visirudi. Nembo ya Shirika kwenye jalada, tangu siku hiyo, ikawa alama ya kitu ambacho hakitachapishwa tena kwa namna ileile.

1978–1990: Uhaba wa karatasi

Tanzania iliingia vitani na Idi Amin mwaka 1978, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka. Karatasi ilikuwa bidhaa ya kuagizwa. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza katikati ya miaka ya 1980 tu. Vitabu vya shule vilipewa nafasi ya kwanza, na kwa haki.

Ajabu ni kwamba riwaya pendwa zilistawi katika ukame huo. Elvis Musiba alikwisha kuonyesha njia kwa Kufa na Kupona mwaka 1974. Wakaja Eddie Ganzel, Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga na Ben Mtobwa, ambaye hatimaye alifungua kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Jarida la Sani likaleta katuni na hadithi za mfululizo. Vitabu hivi havikungoja kamati wala mtaala. Vilipigwa chapa kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, ya kijivu na yenye nyuzi, vikabanwa kwa pini mbili za chuma, vikauzwa stendi, sokoni na kwenye treni.

Ukishika kimoja leo unaona mara moja kilichokiua. Pini zimeota kutu na kutu imekula karatasi kuzunguka tundu, hivyo ukurasa wa katikati hutoka wenyewe. Gamba halipo, au limeshikwa na selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Ndani kuna majina ya wasomaji kadhaa kwa wino tofauti, kila mmoja akidai kitabu ni mali yake na akionya atakayekiiba. Kilisomwa na watu wengi mno kiasi kwamba hakikubaki. Maktaba hazikuvitafuta kwa kuwa walimu waliviona vya kihuni. Wazazi walivificha au kuvichoma. Vilivyosalia viliuzwa kwa kilo kama karatasi chakavu, wauza bagia wakavimaliza.

Ni sehemu ya historia ambayo wengi waliilipia shilingi chache kuisoma, na karibu hakuna aliyeilipia kuitunza.

Tangu 1990: Meza ya mtumba

Milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ya nguo iliingia kwa marobota, na vitabu vikafuata. Mashirika ya misaada kama Book Aid International ya Uingereza, lililoanza mwaka 1954 kwa jina jingine, na Books for Africa ya Marekani, lililoanza mwaka 1988, yalileta vitabu kwa shule na maktaba. Vingine viliondolewa maktaba, vingine vilitoka kwa wageni waliokuwa wakihama. Nairobi wauzaji walitandika njiani, biashara ikajulikana kwa jina la inama. Dar es Salaam walipanga meza kando ya mitaa ya katikati ya jiji.

Kwa wanafunzi wengi meza hizo ndizo zilizokuwa duka la vitabu. Kwa mkusanyaji wa Kiswahili zina kasoro moja inayotokana moja kwa moja na asili yake: bidhaa imetoka Ulaya na Marekani, kwa hiyo karibu rundo lote ni Kiingereza. Utapita vitabu vya uhasibu vya California na riwaya za London kabla hujaona mgongo mmoja mwembamba wa Longman au Oxford wenye jina la Kiswahili. Na ukiupata, mara nyingi umetoka shule iliyofungwa au nyumba ambayo mzee wake amefariki.

Muuzaji anajua hivyo. Zamani bei ilifuata unene. Sasa mwenye meza hupiga picha ya jalada, huituma kwenye makundi ya WhatsApp, na bei inapanda kabla hujafika. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mtu wa kawaida wa hapa ana sababu ya fedha ya kutokichana kitabu cha zamani.

Miswada ya redio na televisheni

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1970 ikiwa tayari ya rangi, na Tanzania Bara mwaka 1994. Redio ilikuwa imetangulia: wasikilizaji wa Redio Tanzania waliwafahamu Pwagu na Pwaguzi kuliko wahusika wa riwaya yoyote. Kenya walikuwa na michezo ya Vitimbi na Vioja Mahakamani, na mwigizaji Mzee Ojwang' akawa mtu wa kila nyumba.

Mswada wa mchezo wa namna hii ni chombo cha kazi. Hupigwa nakala chache, mwigizaji hupigia mstari maneno yake, hukata sentensi na kuandika mpya pembeni, na kipindi kikisharekodiwa karatasi imemaliza kazi yake. Kanda nayo ni ghali na inaweza kurekodiwa juu. Hata BBC, yenye fedha zote zile, ilifuta mamia ya vipindi vyake vya miaka ya 1960 na 1970. Iliokolewa na mambo mawili: ilitunza makaratasi yake Caversham, karibu na Reading, na iliwahi kuuza nakala za filamu nchi za nje. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vya mchezo wake wa Doctor Who vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana Jos, Nigeria. Nakala iliyolipiwa na kituo cha mbali ilidumu kuliko ile ya mwenyewe.

Vipindi vyetu havikuuzwa mbali kwa wingi. Mfano unaothibitisha kanuni ni Twende na Wakati, tamthilia ya redio iliyoanza mwaka 1993 kuelimisha kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mkwaju, dereva wa lori mpenda starehe, anatajwa hadi leo katika vitabu vya vyuo vikuu vya ng'ambo kwa sababu wafadhili waligharimia utafiti juu ya wasikilizaji wake. Michezo iliyochekesha tu, bila mfadhili wa kupima matokeo, haikupata nafasi kama hiyo.

Kazi iliyo mbele

Jedwali la mkusanyaji, basi, lipangwe kwa hatari na si kwa umri. Tenzi za kale zina walinzi London, Hamburg, Berlin na Dar es Salaam, na nyingi zimepigwa picha za kidijitali. Vitabu vya Shirika la Vitabu viko maktaba, ingawa si kila toleo. Majarida ya vyuo yamefungwa majalada. Vilivyo hatarini ni riwaya pendwa za miaka ya 1980, majarida ya katuni, na, mbele ya yote, karatasi za michezo ya redio na televisheni.

Penye pengo la karatasi bado kuna watu. Mwalimu Sikujua alianza kukusanya mashairi ya Muyaka miaka 40 hivi baada ya mshairi kufariki, akayapata kwa kuwa wazee waliokumbuka walikuwa hai na kulikuwa na mtu wa kulipia wino. Michezo ya kwanza ya televisheni ya Tanzania Bara ina umri wa miaka zaidi ya 30. Walioiandika na kuiigiza wengi bado wanatembea mitaani, wengine wana madaftari yao. Kazi ya Sikujua inaweza kufanyika tena, kwa gharama ya simu yenye kinasa sauti na nauli ya daladala, na safari hii mlipaji hana haja ya kutoka ng'ambo.